Siku ya Mapigo Manne: Tuhesabu Kwanza, Kisha Tustaajabu

Katika msimu wa mwaka 2025 wachezaji watatu wa besiboli nchini Marekani, kila mmoja kwa siku yake, walifanya jambo ambalo katika historia yote ya ligi kuu za mchezo huo lilikuwa limefanywa na watu 18 tu tangu mwaka 1894. Eugenio Suárez wa timu ya Arizona alilifanya tarehe 26 Aprili, Nick Kurtz wa timu ya Athletics tarehe 25 Julai, na Kyle Schwarber wa Philadelphia tarehe 28 Agosti. Kila mmoja wao alipata mapigo kamili manne katika mchezo mmoja. Kabla yao ilikuwa imepita misimu saba mizima, kuanzia 2018 hadi 2024, bila ya mtu yeyote kulifikia jambo hilo.

Habari za namna hii hupokewa kwa njia mbili. Wako wasemao kwamba ni ustadi mtupu, na kwamba mtu aliyeweza mapigo manne kwa siku moja amekwisha kuthibitisha kuwa yeye ni bingwa. Wako pia wasemao kwamba ni bahati mtupu, wala hakuna la kujifunza hapo. Mimi naona kwamba makundi yote mawili yamekosea, na tena yamekosea kwa sababu moja: hayakuhesabu. Hesabu inayotakiwa si ngumu. Kuzidisha kunatosha, na mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuifuata karibu yote.

Kwa kuwa wasomaji wengi hawajauona mchezo huu, yafaa niueleze kwa ufupi. Mrushaji wa timu moja humrushia mpira mpigaji wa timu ya pili, naye mpigaji, akiwa na gongo la mti mkononi, hujaribu kuupiga. Akiupiga vizuri huanza kukimbia kuvizunguka vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la mraba. Akivimaliza vyote na kurudi alipoanzia, timu yake hupata bao moja. Aghalabu hufika kituo cha kwanza tu, au cha pili, akasimama hapo kungojea wenzake wapige naye asonge mbele. Lakini mpira ukivuka uzio wa uwanja ungali hewani, mpigaji huvizunguka vituo vyote bila ya kuzuiwa na mtu. Pigo linalompa mtu vituo vyote vinne kwa mara moja ndilo nililoliita pigo kamili. Kila timu ina wapigaji tisa wanaofuatana kwa zamu, mchezo una awamu tisa, na kila mpigaji hupata zamu nne au tano katika mchezo mzima. Kwa hiyo mwenye mapigo kamili manne ametumia karibu kila nafasi aliyopewa siku ile.

Wa kwanza alikuwa Bobby Lowe wa Boston, tarehe 30 Mei 1894. Uwanja waliouchezea ulikuwa na uzio uliokaribia sana upande wa kushoto, na mapigo yake mawili yalipatikana katika awamu moja. Watazamaji walifurahi hata wakamtupia sarafu za fedha. Miaka miwili baadaye Ed Delahanty wa Philadelphia alifanya vivyo hivyo mjini Chicago, na timu yake ikashindwa kwa mabao 9 kwa 8. Kisha ikapita miaka 36. Tarehe 3 Juni 1932 Lou Gehrig wa New York alipata mapigo manne, na katika zamu yake ya mwisho nusura apate la tano, kwani mpira aliupiga mbali sana ukadakwa karibu na uzio wa kati. Siku hiyo hiyo kocha mashuhuri wa timu nyingine ya New York, John McGraw, alitangaza kujiuzulu, na habari yake ndiyo iliyotangulia magazetini.

Willie Mays naye, tarehe 30 Aprili 1961, aliingia uwanjani mjini Milwaukee akiwa ameugua tumbo usiku uliotangulia, akaazima gongo la mwenzake, akapata manne. Katika timu iliyoshindwa siku hiyo alikuwamo Hank Aaron, ambaye alipata mapigo kamili mawili. Mike Schmidt alipata yake manne mwaka 1976 mjini Chicago, mahali panapojulikana kwa upepo wake, katika mchezo ambao timu yake ilianza kwa kuachwa nyuma sana ukaishia kwa mabao 18 kwa 16. Ni vema pia kukumbuka kwamba kati ya watu hawa 21, watatu walirudi nyumbani wakiwa wameshindwa: Delahanty niliyemtaja, Bob Horner wa Atlanta mwaka 1986, na Suárez mwenyewe mwaka 2025. Mtu mmoja, hata awe na siku njema namna gani, hashindi peke yake mchezo wa watu tisa.

Sasa tuitazame orodha hii kwa jicho la mwanasayansi. Ndani yake wamo majabari wa mchezo: Mays, ambaye katika maisha yake yote ya uchezaji alipata mapigo kamili 660, Schmidt, 548, Gehrig, 493, Carlos Delgado, 473. Lakini wamo pia watu wa kawaida kabisa. Mark Whiten, aliyepata manne tarehe 7 Septemba 1993, alimaliza uchezaji wake akiwa na 105 tu. Scooter Gennett, aliyepata manne mwaka 2017 miezi michache baada ya kuachwa na timu yake ya awali, alimaliza na 87. Pat Seerey wa mwaka 1948 alikuwa na 86, naye Lowe wa kwanza kabisa alikuwa na 71. Jambo linalowashangaza wengi zaidi ni wale wasiokuwamo. Wachezaji watatu wenye mapigo mengi kuliko wote katika historia ya ligi hizo ni Barry Bonds mwenye 762, Hank Aaron mwenye 755, na Babe Ruth mwenye 714. Hakuna hata mmoja wao aliyepata manne katika mchezo mmoja.

Je, hilo si ajabu? Tuhesabu.

Tuchukue mpigaji wa kawaida wa miaka hii, ambaye katika zamu 100 hupata pigo kamili mara 3 hivi. Uwezekano wake katika zamu moja ni 0.03. Ikiwa zamu hazitegemeani (sharti hili nitalirudia baadaye), uwezekano wa kupata manne katika zamu nne ni 0.03 kuzidishwa kwa yenyewe mara nne, yaani 0.00000081. Hiyo ni chini ya mara moja katika nafasi milioni. Akipewa zamu tano hali humnyookea kidogo, kwa kuwa anaweza kukosa mara moja na bado akafikia manne. Hapo uwezekano ni kama 1 katika 250,000. Sasa mchukue jabari ambaye hupata pigo kamili mara 6 katika zamu 100. Mtu atadhani kwamba, maadamu nguvu yake ni mara mbili ya yule wa kwanza, uwezekano wake wa kupata manne nao ni mara mbili. Sivyo. Namba 2 ikipandishwa kwenye kipeo cha nne ni 16. Jabari huyu ana uwezekano wa karibu mara 16 kuliko mwenzake; kwa zamu tano ni kama 1 katika 16,000. Hapa ndipo wale wasemao “bahati mtupu” wanapopata jibu lao. Tofauti ndogo ya ustadi katika zamu moja hugeuka kuwa tofauti kubwa mno pindi zamu nne zinapotakiwa kufanikiwa pamoja.

Basi kwa nini orodha haikujaa majabari peke yao? Jibu lake ni rahisi, na ndilo ambalo wanafunzi wangu wa chuo kikuu hulisahau mara kwa mara. Majabari ni wachache. Chukua wapigaji 100, watano wakiwa majabari na 95 wakiwa wa kawaida. Mpe kila mtu wa kawaida tiketi moja ya bahati nasibu, na kila jabari tiketi 16. Majabari watano watakuwa na tiketi 80. Watu wa kawaida 95 watakuwa na tiketi 95. Tiketi itakayotoka ina uwezekano wa zaidi ya nusu kuwa ya mtu wa kawaida, ingawa kila jabari ana tiketi 16 na mwenzake ana moja tu. Mfano huu nimeurahisisha, kwa kuwa katika hali halisi kuna wapigaji wa kila daraja kati ya hao wawili. Hata hivyo unaonyesha vizuri kwa nini Whiten na Mays wamo katika orodha moja.

Kuhusu Ruth na wenzake, hesabu ni ya namna ile ile. Ruth alicheza michezo 2,503, na kiasi chake cha mapigo kamili kilikuwa kidogo chini ya 7 katika zamu 100. Tukichukulia kwamba nusu ya michezo yake ilikuwa na zamu nne na nusu nyingine zamu tano, idadi ya michezo ya mapigo manne tunayoweza kuitarajia katika maisha yake yote ni 0.15 hivi. Kwa maneno mengine, angehitaji maisha karibu saba ya uchezaji, yote yakiwa ya kishujaa kama yale aliyokuwa nayo, ndipo tutarajie siku moja ya namna hiyo. Bonds anapata 0.11 na kidogo, Aaron 0.08. Jumla ya wote watatu ni kama 0.34, na uwezekano kwamba wote watatu wakose ni karibu 7 katika 10. Kukosekana kwao katika orodha, jambo linaloandikwa vitabuni kama kitendawili, ndiko hasa kulikopaswa kutarajiwa.

Nilipokuwa Marekani nikisomea shahada ya udaktari nilikwenda mara kadhaa kutazama mchezo huu, na mashabiki waliokaa karibu nami walikuwa hodari wa namba kupita watu wengi niliopata kukutana nao maktabani. Walijua wastani wa kila mpigaji hadi desimali ya tatu. Lakini nilipouliza kwa nini fulani alipata siku kubwa na fulani hakupata, jibu lilikuwa moja: siku yake ilikuwa imefika. Namba walikuwa nazo tele, ila hawakuzizidisha.

Kuna njia nyingine ya kuitazama orodha hii, nayo inatupeleka kwenye nadharia ambayo walimu wa kidato cha tano na cha sita wataitambua. Mwaka 1837 mwanahisabati wa Ufaransa, Siméon Denis Poisson, alichapisha kitabu ambamo ilikuwamo kanuni inayohusu matukio adimu yenye nafasi nyingi za kutokea. Mwaka 1898 Ladislaus von Bortkiewicz aliijaribu kanuni hiyo kwa takwimu ambazo hadi leo hazijapata mshindani kwa ucheshi wake wa huzuni: askari wa jeshi la Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi. Katika vikosi 10 kwa miaka 20, yaani taarifa 200, walikufa askari 122. Taarifa 109 hazikuwa na kifo, 65 zilikuwa na kimoja, 22 viwili, 3 vitatu, na 1 ilikuwa na vinne. Kanuni ilitabiri 109, 66, 20, 4, na chini ya 1. Hakuna farasi aliyekuwa akipanga lolote, na wala hakuna kikosi kilichokuwa na laana. Vifo vilitawanyika kama mvua ya rasharasha inavyotawanyika juu ya mawe ya kibarazani, ambapo jiwe moja hupata matone matatu na la jirani hubaki kavu.

Tuwape wapigaji wetu jaribio hilo hilo. Tangu mwaka 1901, ligi kuu mbili zilipoanza kwenda sambamba, hadi 2025, ni misimu 125, na siku za mapigo manne ni 19. Wastani ni 0.152 kwa msimu. Chukua namba e, ambayo ni 2.718 hivi, uipandishe kwenye kipeo cha hasi 0.152, unapata 0.859. Zidisha kwa 125: misimu mitupu inayotarajiwa ni 107. Zidisha 0.859 kwa 0.152, kisha kwa 125: misimu yenye tukio moja ni 16. Endelea hivyo, safari hii ukigawanya kwa 2: misimu yenye matukio mawili ni 1. Sasa linganisha na historia. Misimu mitupu ilikuwa 110, yenye moja 12, yenye mawili ilikuwa 2, nao ni 2002 na 2017, na yenye matatu ni mmoja, 2025. Ulinganifu si kamili, lakini kwa kanuni isiyojua chochote juu ya magongo na mipira, naona umefika mbali.

Mwanafunzi makini ataniuliza juu ya huo msimu wa 2025. Anayo haki. Kwa wastani wa 0.152, msimu wenye matukio matatu hauna budi kuwa adimu kupindukia. Tungeungojea miaka karibu 1,900. Lakini wastani huo umechanganya nyakati zisizofanana. Katika miaka 20 ya kwanza ya karne iliyopita mapigo kamili yalikuwa machache sana, na hakuna aliyepata manne hata mara moja. Tukianza na 1993, mwaka ambao ligi ziliongezewa timu mbili zikafika 28, tunapata matukio 10 katika misimu 33, karibu mara mbili ya wastani wa zamani. Kwa kiwango hicho, uwezekano kwamba mmojawapo wa misimu hiyo 33 uwe na matukio matatu ni kama 1 katika 9. Si jambo la kila siku, ila si jambo la kumwita mganga.

Sasa nilirudie lile sharti la zamu kutotegemeana. Kwa hakika halitimii kikamilifu. Siku moja upepo huvuma kuelekea uzioni, siku nyingine huvuma kutoka huko. Mrushaji hodari huwapunguzia wapigaji wote nafasi zao, na mrushaji aliyechoka huwaongezea. Uwanja wa Lowe mwaka 1894 ulikuwa na uzio wa karibu. Mambo haya huzifanya siku nzuri ziwe nzuri zaidi kuliko kanuni inavyosema, na pengine ndiyo sababu misimu yetu imejikusanya kidogo kuliko utabiri. Lakini jihadhari na haraka ya kuyaeleza kwayo kila kitu. Mjini Denver kuna uwanja uitwao Coors Field, uliofunguliwa mwaka 1995, kwenye kimo cha mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, chini kidogo ya kimo cha Nairobi. Hewa huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 15 hadi 20, na mpira hupaa mbali zaidi kwa sababu msuguano umepungua. Ukimwuliza mwanafunzi wa fizikia ni wapi mapigo manne yametokea mara nyingi zaidi, atakujibu Denver. Ukweli ni kwamba hadi mwisho wa 2025 hayajatokea huko hata mara moja. Rocky Colavito, kinyume chake, alipata manne mwaka 1959 katika uwanja wa Baltimore uliosifika kwa kuwanyima wapigaji.

Je, fizikia imekosea? Hata kidogo. Michezo iliyochezwa Coors Field hadi 2025 ni 2,400 na ushei, yaani nafasi kama 44,000 za mpigaji mmoja katika mchezo mmoja. Katika historia yote tangu 1901, michezo ni zaidi ya 200,000, na tukio limetokea wastani wa mara moja katika nafasi 190,000 hivi. Hata tukisema kwamba hewa nyepesi imeuzidisha uwezekano mara tatu, idadi ya kutarajiwa huko Denver haifiki hata moja, na uwezekano wa kutoona kitu ni nusu kwa nusu. Hewa nyepesi ingali inasaidia. Ni sisi tuliokuwa na haraka ya kuona matunda yake.

Kuna kosa lingine ambalo hesabu hii hutuonya nalo, nalo ni la kubuni ajabu baada ya tukio kutokea. Tarehe 23 Aprili 1999, Fernando Tatís wa St. Louis alipata mapigo kamili mawili katika awamu moja, na mara zote mbili vituo vitatu vilikuwa na wenzake waliokuwa wakingoja, hivyo kila pigo likaleta mabao manne. Mrushaji wa mara zote mbili alikuwa mtu yule yule. Jambo hilo halikuwahi kutokea kabla, wala halijatokea tena hadi 2025. Mtu akikaa na kalamu atapata namba ya kutisha kwa tukio hilo. Lakini ni nani aliyekuwa akilingojea tukio hilo hasa kabla ya siku ile? Mchezo huu una maelfu ya mambo yanayoweza kuitwa “la kwanza katika historia”, na baadhi yake lazima yatokee. Anayechora duara la shabaha baada ya mshale kuchoma ukuta hawezi kujisifu kwa kulenga.

Mashabiki pia hupenda mno jambo wanaloliita mzunguko, ambapo mpigaji katika mchezo mmoja hupata pigo la kituo kimoja, la viwili, la vitatu, na pigo kamili. Limetokea zaidi ya mara 300. Ni zuri kwa macho, sikatai. Lakini jumla ya vituo vyake ni 10 tu, ilhali mapigo kamili manne ni vituo 16. Shawn Green mwaka 2002 na Kurtz mwaka 2025 walifika 19. Mtu aliyepata mapigo kamili mawili, moja la vituo vitatu na moja la viwili, ana 13, amemzidi mwenye mzunguko kwa kila hali, na hakuna jina la kumwitia wala rekodi ya kumwandika. Akili ya binadamu hupenda mpangilio wa moja, mbili, tatu, nne, na huulipa mpangilio huo sifa ambayo ustadi haukuistahili.

Nimechagua mfano wa mbali kwa makusudi, kwa sababu takwimu zake zimeandikwa kwa zaidi ya karne moja bila kuachwa pengo kubwa, nasi hatuna ushabiki wa kutupofusha. Lakini swali lake liko katika madarasa yetu. Shule yenye watahiniwa 20 inapoongoza katika orodha ya matokeo, nasi tukaisifu mbinu yake ya ufundishaji kabla ya kuuliza ni shule ngapi ndogo zilizofanya mtihani, tunafanya kosa lile la kumwona Whiten kuwa ni Mays. Kijana anayechukuliwa katika timu ya mkoa kwa sababu alifunga mabao matano siku moja wakubwa walipokuwapo amepimwa kwa siku moja. Hali kadhalika mwanafunzi mwenye uwezo ambaye hakuwahi kuwa na siku moja ya kung'aa, ila mwaka mzima alifanya kazi yake kwa kiwango kisichoshuka, yuko katika hali ya Aaron: mapigo 755, na hakuna siku ya manne. Mimi ni katika wale wanaoamini kwamba alama za kazi za mwaka mzima zinastahili uzito mkubwa kuliko zilivyozoea kupewa, na sababu yangu ni ya kihesabu zaidi kuliko ya huruma. Kipimo cha siku moja kina makosa makubwa. Kipimo cha siku 200 kina makosa madogo. Najua hoja ya upande wa pili, kwamba alama za mwaka hutolewa na mwalimu anayemfahamu mwanafunzi na huweza kupendelea. Ni hoja nzito, na dawa yake ni usimamizi. Hata hivyo upendeleo unaweza kuchunguzwa na kukomeshwa. Bahati ya siku moja haina msimamizi.

Mafunzo ya uwezekano katika shule zetu huanza na kuishia kwenye sarafu, dadu na mipira ya rangi ndani ya mfuko. Vyote hivyo ni vizuri, ila mwanafunzi huondoka akidhani kwamba somo hili ni la kamari. Napendekeza kwa walimu wenzangu zoezi lisilogharimu ila daftari moja. Chagueni ligi ya kandanda ya shule za wilaya yenu, au ile ya taifa ambayo matokeo yake hutangazwa kila juma, mkaandike kwa misimu miwili au mitatu kila mchezo ambamo mchezaji mmoja alifunga mabao matatu au zaidi. Kabla ya kuanza, wanafunzi wakadirie kwa maandishi ni michezo mingapi itakuwa na tukio hilo na ni mingapi haitakuwa nalo, kisha karatasi ikunjwe na kuhifadhiwa na mwalimu. Michezo yote iandikwe, pamoja na ile iliyokwisha bila ya bao hata moja, ambayo kwa kawaida hakuna anayejisumbua kuikumbuka. Mwishoni wapangeni majuma katika jedwali kama lile la farasi wa Prussia: majuma matupu, yenye tukio moja, yenye mawili. Darasa la kidato cha sita litaweza kuilinganisha na kanuni ya Poisson. Kidato cha pili kitatosheka kulifungua lile karatasi na kuona kilivyokisia.